Mgongo bila mashine: raba, begi na mlango vinatosha

Watu wengi wakiacha kwenda jimu kinachokufa kwanza ni mgongo. Kifua hakiwasumbui, pushapu zipo, miguu nayo skwati zipo, ila ukimuuliza mtu mgongo anaufanyaje nyumbani anakuambia mashine sina. Na kweli ukiingia jimu upande wa mgongo umejaa mashine, kuna ya kukaa ukavuta chuma kutoka juu, kuna ya kukaa ukavuta kama unapiga kasia, kuna ya kulalia kifua, kuna ile ya kuinama na kuinuka, sasa mtu anaona bila hizo mashine hamna kitu atafanya. Mimi ratiba ya kazi ilibadilika nikakaa miezi minane sijakanyaga jimu na mgongo wangu haukusinyaa, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyafanya mwenyewe sakafuni kwangu.

Kitu cha kushika ni kimoja tu: usiangalie mashine imekaaje, angalia kiwiko kinatoka wapi kinaenda wapi. Misuli ya mgongo haijui jina la mashine, inachojua ni kwamba kiwiko kimetoka juu kikashuka mbavuni, au kimetoka mbele kikarudi nyuma, au kimefunguka pembeni, au kiuno kimekunjwa kikanyooka. Ni njia hizo nne basi. Ukipata kitu chochote nyumbani kinachokupinga kwenye njia hiyo hiyo, ushapata mbadala.

Sasa hapo ndo wengi wanapokosea. Uzito unavuta kwenda chini, hauna upande mwingine. Jimu kuna kapi na waya, kapi linageuza ule uzito uje kwako kutoka juu au kutoka mbele. Nyumbani huna kapi. Nimeona watu wamesimama wima na dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja, wanazipeleka mbele na kuzirudisha kifuani kama wanavuta waya, hapo mgongo haufanyi chochote cha maana, mabega na mikono ndo inabeba kuzuia dambeli zisianguke. Kama unatumia uzito lazima mwili wenyewe ndo ugeuke, uiname au ulale, ili sakafu iwe mbele ya kifua chako. Kama hutaki kugeuka tumia raba, ule mkanda wa mazoezi unaonyooka, kwa sababu raba inavuta kuelekea pale ulipoifunga.

Vifaa basi. Raba ndefu ya mazoezi, moja nyepesi na moja nzito ukiweza. Begi la mgongoni lenye mshono imara. Madumu au chupa za maji, na uzuri wa maji ni kwamba lita 1 ni kilo 1, huhitaji mizani, ukiweka chupa 6 za lita 1.5 kwenye begi una kilo 9. Mchanga mkavu ni mzito zaidi, dumu la lita 5 ukilijaza mchanga linafika kilo 7 mpaka 8 hivi. Ongeza taulo, shuka, fimbo ya fagio na kiti kisichoyumba. Dambeli ukiwa nazo vizuri, ukikosa usisimame.

Ntaanza na ile ya kuvuta kama kasia kwa sababu ndo yenye faida kubwa na ndo rahisi kuipata. Chukua begi lako, weka goti moja na mkono mmoja juu ya kiti au kitanda, mguu mwingine uko chini, mgongo umelala kama meza. Mkono ulio huru shika begi kwenye kile kishikio cha juu, kizungushie taulo kwanza maana kile kitambaa chembamba kitakukata vidole kabla mgongo haujachoka. Acha begi lining'inie mpaka usikie mgongo unavutwa chini ya kwapa. Alafu vuta kiwiko kuelekea mfukoni, narudia, mfukoni, sio kifuani. Ukivuta kwenda kifuani kiwiko kinapanda juu na kazi inahamia begani. Ukivuta kwenda mfukoni kiwiko kinapita karibu na mbavu na utasikia ule msuli mpana wa ubavuni, wenyewe tunauita bawa, unajikunja. Kaa juu kidogo kama sekunde 1, shusha kwa sekunde 3.

Miezi ya kwanza mimi nilikuwa navuta kwa kiganja. Nikimaliza seti, yaani mzunguko mmoja wa mivuto kabla ya kupumzika, mkono wa mbele unawaka na mgongo umelala tu. Kilichonisaidia ni kulegeza vidole, yaani kiganja kiwe kama ndoano tu imeshika begi, na akili yote niipeleke kwenye kiwiko kama vile kuna mtu nyuma ameshika kiwiko changu anakivuta. Jaribu sasa hivi bila uzito wowote, weka mkono mwingine ubavuni chini ya kwapa, vuta kiwiko nyuma polepole, utasikia msuli unakuwa mgumu chini ya vidole. Ukishausikia hivyo hutaupoteza tena.

Kwa nini nasema uegemee kiti? Kwa sababu mashine ina kitu ambacho watu hawakioni, inakushika. Ukikaa kwenye mashine kifua kina mto, makalio yana kiti, kiuno hakibebi chochote, mgongo wa juu unafanya kazi peke yake mpaka uchoke. Nyumbani ukiinama na begi la kilo 15 bila kuegemea, kiuno ndo kinachoka kwanza, unaacha seti wakati bawa bado lina nguvu. Ukiegemea mkono umejitengenezea ule mto wa mashine. Kama una kitanda kilichoinuka juu au benchi unaweza pia kulala kifudifudi mikono ikaning'inia pembeni ukavuta dambeli au chupa mbili kwa pamoja, hiyo ni ile mashine ya kulalia kifua kabisa, haina tofauti.

Ukitaka kuvuta mwili wako wenyewe, lala chini ya meza nzito, shika ukingo, nyoosha mwili kama ubao, vuta kifua kikaguse meza. Ila meza ikaguliwe kwanza: miguu iwe kwenye kona, isiwe ya mguu mmoja katikati, isiwe ya kioo, na kabla ya kujivuta ining'inie kidogo kidogo uone kama inanyanyuka upande wa pili. Kama huna meza ya hivyo tumia shuka. Funga fundo kubwa kwenye kona ya shuka, lipitishe juu ya mlango fundo libaki upande wa pili, funga mlango vizuri, alafu shika shuka ulale nyuma miguu ikiwa karibu na mlango na ujivute. Ukisogeza miguu mbele zaidi inakuwa ngumu, ukirudisha nyuma inakuwa nyepesi, kwa hiyo uzito unaupanga kwa miguu.

Na hapa nisimame kidogo kwenye mlango kwa sababu nimeshaumia. Mlango uwe unafunguka kuelekea upande wa pili, yaani ukiuvuta unazidi kujifunga. Mimi niliufunga upande mbaya, nikavuta, komeo likaachia, nikaanguka chali na mlango ukanijia usoni. Tangu siku hiyo naangalia vitu vitatu kabla ya kushika chochote: mlango unafunguka upande gani, umefungwa kwa ufunguo, na fundo liko upande wa bawaba sio upande wa komeo, kwa sababu bawaba ndo zimeshikiliwa na fremu kweli kweli. Kama kuna watu wengine nyumbani waambie, au weka alama upande wa pili, mtu asije akafungua wewe umelala kwenye shuka.

Ya kuvuta kutoka juu sasa. Hii ndo inayosumbua kwa sababu dambeli haitakusaidia ukiwa wima. Raba ndo jibu. Funga raba juu ya mlango, utaratibu ule ule wa bawaba, piga magoti mbali kidogo na mlango mpaka mikono ikiwa juu raba iwe tayari imekaza, alafu shusha viwiko kuelekea mbavuni, kifua juu, usijirushe nyuma. Kitu cha kujua kuhusu raba ni kwamba haifanani na chuma. Chuma cha kilo 30 ni kilo 30 mwanzo hadi mwisho, raba inaanza laini na inazidi kukaza kadiri inavyonyooka. Maana yake mwanzo wa mvuto, mikono ikiwa juu, unapata kazi kidogo, na mwisho unapata nyingi. Ndo maana nasema piga magoti mbali ianze ikiwa imeshakaza, na ukifika chini kaa sekunde 2, na kurudi juu usiiachie ikunyakue mikono, iongoze. Na idadi iwe kubwa kuliko ya chuma, mara 15 mpaka 20 ni sawa kabisa. Kabla hujaanza inyooshe uikague kwenye mwanga, ukiona mipasuko midogo kama nywele itupe, ikikatika inakuja usoni. Usiiache juani pia, jua linaila.

Kama una chuma cha kuning'inia mlangoni au mahali popote salama basi umemaliza, pulapu, yaani kuning'inia na kujivuta mpaka kidevu kipite chuma, ni mbadala wa hiyo mashine na zaidi. Huwezi hata moja? Panda kiti mpaka kidevu kiwe juu ya chuma, alafu nyanyua miguu ushuke polepole kwa sekunde 5, panda tena kwa kiti. Fanya 5 tu, pumzika, fanya 5 tena. Kushuka kunajenga nguvu ile ile ya kupanda, na watu wengi wanapata pulapu yao ya kwanza kwa njia hii. Au funga raba kwenye chuma, weka goti ndani, inakusukuma kutoka chini kama ile mashine ya kusaidiwa.

Asiye na raba wala chuma bado kuna kitu: lala chali sakafuni, magoti yamekunjwa, shika dambeli moja au dumu dogo kwa mikono miwili juu ya kifua, kiwiko kimelegea kidogo, lipeleke nyuma ya kichwa mpaka karibu na sakafu alafu lirudishe. Anza na kilo 3 hadi 5, kifuniko cha dumu kikazwe, na kiuno kisinyanyuke sakafuni. Mabawa yanafanya kazi pale mkono unapotoka nyuma ya kichwa kurudi juu.

Bega la nyuma na sehemu ya juu kati ya mabega haihitaji maneno mengi. Raba nyepesi ifungwe usawa wa macho, ivute kuelekea usoni viwiko vikiwa vimefunguka pembeni kwa juu. Huna raba, inama, chupa za nusu lita mkononi, fungua mikono kama ndege. Nyepesi hivyo hivyo, usitafute uzito hapa.

Kiuno chenyewe sasa, ile mashine ya kuinama na kuinuka. Wengi wanalala kifudifudi wananyanyua kifua na miguu, ni sawa kwa kuanzia, ila mimi napenda zaidi kuinama na begi. Kabla ya uzito chukua fimbo ya fagio iweke mgongoni wima, iguse sehemu tatu: kisogo, kati ya mabega na kifandugu. Magoti yalegee kidogo, sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio, inama mpaka usikie nyuma ya mapaja inavutika. Fimbo ikiachia sehemu hata moja kati ya hizo tatu ujue mgongo umejikunja, rudi uanze upya. Ukiweza mara 10 fimbo haijaachia, ndo shika begi au madumu mawili ufanye vile vile. Hii iweke mwisho wa mazoezi ya siku hiyo, kwa sababu ukianza nayo kiuno kimechoka na mivuto mingine yote itaharibika.

Uzito ukiisha je? Maana nyumbani begi lina mwisho wake. Shusha kwa sekunde 4 badala ya 3, kaa juu sekunde 2, fanya mkono mmoja mmoja, punguza mapumziko. Uzito mwepesi unakuza misuli vizuri ukiufanya mpaka ubakize mara 2 au 3 hivi za nguvu, tatizo ni wale wanaofika 15 wanaacha wakati wangeweza 30. Wewe hesabu unavyosikia, usihesabu namba tu.

Mimi nafanya mara mbili kwa wiki, siku hazifuatani: begi la mkono mmoja seti 4, raba kutoka juu seti 4, shuka seti 3, raba ya usoni seti 2, namalizia na kuinama seti 3. Napasha kwanza dakika 5, kuzungusha mabega na kuinama na fimbo tupu. Dakika 45 nimemaliza. Kesho yake uchovu unatakiwa uwe chini ya makwapa na kati ya mabega. Ukiwa wote kiunoni, punguza uzito urudi kwenye fimbo. Na kama ni maumivu makali yanayoshuka mguuni au ganzi, hayo sio uchovu wa mazoezi, acha kabisa ukamuone daktari kabla ya kushika begi tena.