Kabla ya kununua lenzi moja ya safari ya Kilwa na Mikindani

Lenzi moja ya kuvuta, kama ya milimita 18-200 au 28-200, inakuepusha kubadilisha lenzi ndani ya boti huku maji ya chumvi yanaruka. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huangalia namba kubwa tu. Anza na ile ndogo, kwa sababu ikipungua ndivyo lenzi inavyoona eneo pana zaidi.

Kwenye kamera ya sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko ya fremu kamili, milimita 18 huona eneo sawa na 27 hivi za fremu kamili. Ukifunga lenzi inayoanzia 28 kwenye kamera hiyohiyo, ni kama umeanzia 42. Ingia nayo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: nguzo zimekaribiana, kuba ziko juu yako, na pa kurudi nyuma hakuna. Utaondoka na nguzo mbili na kipande cha dari. Wanaofuata wanyama upande wa Hifadhi ya Nyerere ndio wenye haki ya kudai 300 au 400.

Kisha mwanga. Namba ya f ikikua, tundu la kupitisha mwanga hupungua. Lenzi ya f/3.5-6.3 ukiivuta mpaka mwisho hupitisha chini ya theluthi ya mwanga uliokuwa nao mwanzoni. Mchana ufukweni Msimbati hutajali. Kwenye ngoma ya sindimba jioni utahitaji kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) itapanda na picha itajaa chenga. Kitulizi cha mtikisiko kinatuliza mkono wako, si kiuno cha mchezaji! Ndiyo maana ni busara kubeba pia lenzi ya milimita 35 au 50 ya f/1.8, ni ndogo, na hupitisha mwanga mara 12 hivi ya ile f/6.3.

Hakikisha pia mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, unaoana na lenzi. Kwa mfano, Canon ina midomo ya EF na RF: lenzi ya EF huingia kwenye kamera ya RF kwa adapta, lakini RF haiingii kwenye kamera ya EF.

Kama ni ya mtumba, ielekeze chini ikiwa katikati ya mvuto: bomba likishuka lenyewe, imelegea. Imulike tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni ukungu, ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizokaa pwani. Iache hata kwa bei ya kutupa. Kagua kama kuna mpira kuzunguka kitako, upande unaofungwa kwenye kamera, kwa sababu bomba linalorefuka huvuta hewa kila unapozungusha, na kwenye barabara za vumbi hewa hiyo haiingii peke yake. Mpira hupunguza vumbi; haufanyi lenzi kuwa ya kuzamisha.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, usifungue begi papo hapo. Subiri nusu saa, la sivyo kioo kitatoka jasho. Weka pakiti za silika jeli begini. Chumvi ikikaukia kwenye kioo, puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo. Ukisugua pakavu, punje zitakwaruza. Kwa sababu hiyo funga filta ya UV, kioo cha kukinga mbele ya lenzi, kabla ya kupanda boti, ya kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi baada ya alama ya ø.