Mtoto kujigeuza: mtandikie mkeka, kisha angalia anavyogeuka

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa wiki sita, uso umejaa furaha. "Huyu wetu mwepesi, daktari. Ameshaanza kujigeuza." Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia ya watoto, yaani tiba ya mazoezi, lakini nimeacha kubishana na jina hilo. Nikamwamkia, nikatandika kanga juu ya mkeka, tukamlaza mtoto kifudifudi. Haikupita hata dakika moja. Mgongo ukakaza, kisogo kikarudi nyuma, vidole vikafumba ngumi, na mwili mzima ukabingirika chali kwa mkupuo mmoja kama gogo. Tukarudia. Ikawa vilevile, upande uleule. Bibi akapiga makofi, mimi nikamgeukia mama wa mtoto: alipozaliwa alilia?

Hakulia. Alizaliwa amechoka, akakaa siku nne kwenye oksijeni.

Asubuhi hiyohiyo, kwenye benchi la nje, alikuwa amekaa mama mwingine mwenye mtoto wa miezi sita na nusu ambaye hajageuka hata mara moja. Mama huyu alikuwa hapati usingizi kwa hofu. Mtoto wake hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa halazwi chini tu: akitoka mgongoni kwa dada anaingia mikononi kwa shangazi, akitoka hapo anawekwa kitandani amelala.

Yule aliyewahi ndiye aliyehitaji tiba, kwa sababu kugeuka kwake kulikuwa kukakamaa kwa mwili, na yule aliyechelewa alihitaji mkeka. Ndiyo maana mwongozo huu unahusu zaidi jinsi mtoto anavyogeuka kuliko mwezi anaogeuka. Miezi nayo ina maana yake, kwa hiyo tuanze nayo.

Hatua ya 1: Hesabu umri wake sawasawa

Watoto wengi huanza kujaribu karibu na mwezi wa 3 au wa 4: analala chali, anainua miguu, anaangukia ubavu, anarudi. Kutoka kifudifudi kwenda chali mara nyingi hutangulia, mwezi wa 4 au wa 5, kwa sababu kichwa ni kizito na kikielemea upande kinavuta mwili. Kutoka chali kwenda kifudifudi kunadai shingo na tumbo lenye nguvu, hivyo wengi huweza hilo mwezi wa 5 au wa 6. Wapo wanaoanza na hili la pili, hasa waliozoea kulala chali. Hakuna ubaya.

CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipopanga upya orodha yake ya hatua za ukuaji mwaka 2022, iliweka kugeuka kutoka tumboni kwenda chali kwenye miezi 6, yaani umri ambao watoto watatu kati ya wanne, au zaidi, wanatarajiwa kuwa wameweza. Maana yake ni kwamba wapo watoto wazima kabisa ambao miezi 6 inawakuta bado. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walihesabu hatua sita, kuanzia kukaa hadi kutembea, na kujigeuza hakumo. Kukaa bila kushikwa peke yake kulianzia miezi 3.8 kwa mtoto mmoja hadi 9.2 kwa mwingine, wote wazima. Kwa hiyo jirani akikuambia wa kwake aligeuka na miezi mitatu, mpongeze, ulale.

Ikiwa mtoto wako ni njiti, kata wiki alizowahi. Aliyezaliwa na wiki 32 amewahi wiki 8 kabla ya 40. Siku kalenda inaposema miezi 6, kwangu mimi huyo ana miezi 4 na kidogo, na nitamdai ya miezi 4. Hesabu hii tunaendelea nayo hadi afikishe miaka 2. Nimeona machozi mengi ambayo yangekaushwa na kalamu na kadi ya kliniki.

Hatua ya 2: Mshushe chini, akiwa macho

Tandika mkeka au jamvi sakafuni, juu yake kanga au blanketi jepesi. Si godoro la sponji linalobonyea: mtoto akisukuma, linameza nguvu yake yote. Mvue masweta. Nimefanya kazi sehemu za baridi, ambako mtoto huletwa na suruali mbili, soksi, sweta, kofia na shali juu, kisha naulizwa kwa nini hageuki. Hata wewe ungeshindwa. Funga madirisha, mvue, mwachie fulana na nepi.

Mlaze kifudifudi, viwiko chini ya mabega, nawe lala chini uso kwa uso naye. Sura yako ndiyo kichezea chake cha kwanza. Mara ya kwanza atalalamika baada ya nusu dakika. Mgeuze, mbembeleze, mrudishe baadaye. Anza na dakika moja au mbili kila unapombadilisha nepi. WHO inapendekeza mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulala kifudifudi akiwa macho, zikigawanywa vipandevipande. Usifanye akiwa ametoka kunyonya, atacheua.

Mbeleko siigombi. Mtoto aliyefungwa vizuri mgongoni, miguu imetanuka pande mbili za kiuno cha mama, anakaza shingo na nyonga zake zinakaa pazuri. Ninachoomba ni nafasi ya sakafu kati ya mbeleko na mbeleko.

Hatua ya 3: Mzoeshe ubavu

Hii wengi huiruka, na mimi naiona ndiyo nusu ya kazi. Mlaze ubavu, kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mgongo, mikono yote miwili mbele ya kifua ili aione na aishikanishe. Kaa naye. Acha achezee vidole, au kayamba dogo, au kijiko cha mbao. Dakika chache upande wa kulia, chache wa kushoto. Akichoka ataanguka chali mwenyewe, na huko kuanguka ni nusu ya kugeuka aliyoifanya bila wewe. Kitambaa ukiondoe kabla hajasinzia.

Hatua ya 4: Saidia kwenye nyonga, usivute mkono

Akiwa chali, mwite kwa kitu kinachotoa sauti, ukipitishe taratibu kutoka mbele ya macho kwenda upande wa sikio. Macho yatafuata, kisha kichwa. Sasa shika goti la upande wa pili, likunje, livushe taratibu juu ya mguu mwingine mpaka nyonga inyanyuke. Hapo simama. Usimalizie. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo na umpe nafasi: bega litafuata, mkono utavuka kifua, na mara nyingi mkono wa chini utabanwa tumboni, aanze kulia. Huo mkono uliobanwa ndio mtihani wenyewe. Usikimbilie kuuchomoa, inua nyonga kidogo, uzito uhame, autoe yeye.

Kumvuta mkono kunamgeuza, lakini hakumfundishi kitu, na kunaweza kumuumiza bega.

Hatua ya 5: Sasa tazama

Mtoto anayegeuka vizuri anajinyonga kama kanga inayokamuliwa: kichwa kinatangulia, bega linafuata, kisha kiuno, mguu mwisho. Katika mwezi wa 3 na wa 4 anaweza bado kugeuka mzimamzima. Hilo ni sawa mradi mwili ni laini na vidole vinafunguka. Kadiri miezi inavyosonga, ule mnyongo wa kiuno uonekane.

Tazama pande zote mbili. Wengi wana upande wanaoupenda kwa wiki kadhaa. Lakini anayegeukia upande mmoja tu mwezi hadi mwezi, au mkono mmoja unaachwa nyuma kila mara, au kisogo kimebonyea upande mmoja kwa sababu haangalii kwingine, huyo nataka kumwona. Wakati mwingine ni msuli wa shingo umefupika, na mazoezi hunyoosha. Wakati mwingine ni mishipa ya fahamu ya bega iliyovutika wakati wa kuzaliwa, hasa mtoto akiwa mkubwa na alitoka kwa shida. Na mtoto wa miezi mitano anayetumia mkono wa kulia tu "hajachagua kuwa wa kulia". Uchaguzi huo huja baada ya mwaka wa kwanza. Swali ni kushoto kuna nini.

Hatua ya 6: Panga upya kitanda kabla hajageuka, si baada

Wangu wa kwanza alianguka kitandani na miezi 4. Nilimlaza katikati kabisa, nikaenda kuepua maji ya chai. Ndiyo, mimi, mtu wa fiziotherapia.

Mito pembeni si ukuta. Mtoto akigeuka uso ukazama kwenye mto, hana nguvu ya kujitoa. Neti nayo haishikilii mtoto hata ukiichomeka vizuri chini ya godoro, na ule mwanya kati ya godoro na ukuta ni hatari kuliko ukingo wa wazi. Kama hana kitanda chake chenye kingo, godoro gumu sakafuni chini ya neti ni salama kuliko kitanda cha sita kwa sita chenye mito minne. Mchana, asiachwe peke yake kitandani, wala kwenye chumba chenye jiko la mkaa na beseni la maji.

Usingizini mlaze chali kila mara, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka. Uingereza na Marekani zilipoanza kampeni za kulaza chali mwanzoni mwa miaka ya 1990, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana. Akishaweza kugeuka mwenyewe kwenda na kurudi, wewe mlaze chali, yeye akijigeuza huna haja ya kukesha ukimrudisha. Na dalili za kujigeuza zikianza tu, acha kumfunga shuka mikono ndani.

Akianguka: akilia papo hapo, akanyamaza, akanyonya, mwangalie kwa siku nzima. Akipoteza fahamu, akitapika tena na tena, akisinzia kuliko kawaida, akipata degedege, utosi ukivimba, au majimaji yakitoka sikioni au puani, ni hospitali saa hiyohiyo.

Lini uje

Pengo lipo hapa: baada ya chanjo ya wiki 14, wazazi wengi wanaona safari kubwa inayofuata ni surua, miezi 9. Anayepelekwa katikati mara nyingi anapimwa uzito, anarudi nyumbani. Kujigeuza kunatokea ndani ya pengo hilo, na anayeona ni wewe.

Umri wote huu ni baada ya kukata wiki za njiti. Akifika miezi 4 na shingo haijakaza, njoo. Ngumi zikibaki zimefumba muda wote, gumba ndani, njoo. Akifika miezi 6 hageuki upande wowote, anza hatua hizi leo na umtaje kliniki. Miezi 7 na hajaribu hata kuangukia ubavu, omba rufaa. Sababu za "mnene huyu", "wa kiume huchelewa", "baba yake alikuwa hivihivi" ziache nyumbani.

Akiwa amekakamaa, miguu inapishana kama mkasi kiasi kwamba kumbadilisha nepi ni vita, usisubiri mwezi wowote. Vivyo hivyo akiwa mlegevu, ukimwinua kwapani anateleza mikononi kama samaki. Na kama hakulia alipozaliwa, alipata manjano kali, degedege au homa ya uti wa mgongo, muonyeshe hata kama unamwona mzima. Mtindio wa ubongo haungoji afike umri wa kutembea ndipo ujulikane, na mazoezi ya miezi ya mwanzo yana faida yake.

Mambo mawili ni ya siku hiyohiyo. La kwanza, mtoto aliyekuwa anageuka, anacheka, kisha ameacha. La pili, mtoto anayeinamisha kichwa na kurusha mikono ghafla, mara moja, mara mbili, mara kumi mfululizo, hasa akitoka usingizini. Watu husema anashtuka, au tumbo linamsokota. Inaweza kuwa aina ya kifafa cha wachanga, na kila siku inayopita bila dawa inaigharimu akili yake. Mrekodi kwa simu, uende.

Anzia kliniki yako ya mama na mtoto, uombe rufaa ya fiziotherapia ya watoto. Hospitali za mikoa nyingi zina kitengo, na kwa makubwa zaidi kuna hospitali za Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Njoo na kadi, na video mbili tatu za mtoto akiwa chini nyumbani, kwa sababu mbele yangu atalia tu. Mlete akiwa ameshiba lakini hajatoka kunyonya sasa hivi. Na lete kanga yake mwenyewe tuitandike, anaijua harufu yake.