Jinsi ya kutunga shairi huru, kwa mfano wa mbuzi ya kukunia nazi

Kila nikikaa na watunzi chipukizi, hakosi mmoja wa kuniletea karatasi yenye mistari mifupi mifupi na kuniambia, "Mwalimu, hili ni shairi huru." Nikilisoma naona ni barua iliyokatwakatwa kwa mkasi. Vina hamna, sawa, lakini na kitu kingine hamna. Kina kilikuwa kinafanya kazi. Ukikiondoa, kazi ile lazima apewe mwingine.

Mimi mwenyewe nimekulia kwenye vina na mizani, yaani hesabu ya silabi. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954, kile cha sheria za kutunga mashairi, nilikisoma mpaka jalada likatoka. Kwa hiyo msinione naja kuwatukana malenga. Ugomvi wa miaka ya 1970, kama shairi lisilo na vina ni shairi kweli, ulikuwa mkali. Kezilahabi alitoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara mwaka 1976, na wapo waliosema yale si mashairi, ni guni tu, yaani tungo zenye kasoro ya vina na mizani. Wote watatu ni watu wa bara, si wa Lamu wala Mombasa, pwani kwa malenga wa vina. Diwani ya pili imejitangaza hivyo hata kwa jina. Mulokozi ni Mhaya, na tenzi za kwao zinazoghaniwa kwa nanga, ala ya nyuzi, hazikungoja vina vya mwisho ndipo ziitwe tenzi. Tuyaache hayo, tushike kalamu.

Hatua ya 1: Chagua kitu cha kushikika

Usianze na "mapenzi", "dunia" au "uzalendo". Anza na kitu unachoweza kukigonga kwa kidole. Mimi nilichagua mbuzi ya kukunia nazi aliyoiacha mama. Ipo nyuma ya mlango wa jiko na hakuna anayeikalia, maana siku hizi tunanunua tui la boksi.

Hatua ya 2: Kisimulie kwa nathari

Andika mistari kama kumi hivi, kama unamsimulia jirani. Usipambe. Ukimaliza, futa kila neno linalomwambia msomaji ahisi nini: huzuni, uchungu, majonzi, simanzi. Mimi nilifuta manne. Nikabaki na mbuzi, mlango, kutu, boksi na machicha.

Hatua ya 3: Kifunge kwanza

Hapa wanafunzi wangu hununa. Kabla hujatunga shairi huru, tunga ubeti mmoja wa tarbia, wa mistari minne, juu ya kitu hicho hicho, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Wangu ulikuwa huu:

Mbuzi ingali jikoni, mpanda wake kahama,
Meno yake ya chumani, kutu leo yayauma,
Nazi hazimo kapuni, vifuu navyo vyagoma,
Nikitazama moyoni, namwona mzazi mama.

Hesabu, mizani imetimia. Sasa uhoji ubeti wako kama polisi. "Ya chumani" ni nini? Ni "ya chuma" iliyobandikwa mkia ili ifanane na "jikoni". Vifuu vimegoma, vimegomea nini? Havikugomea chochote, nilikuwa natafuta neno linaloishia na "ma". Malenga hodari angepita pale bila kujikwaa, na huyo namvulia kofia. Mimi nilijikwaa, na faida ya zoezi ni hiyo: linakuonyesha mahali ambapo kina kilisema na wewe ulinyamaza.

Lakini usitupe ubeti wote. "Mpanda wake kahama" ni maneno ya kweli. Na lile wazo la mbuzi kupandwa limetoka wapi? Limetoka kwenye lugha yenyewe, kwa kuwa neno "mbuzi" ni moja kwa mnyama na kwa kibao cha kukunia. Lisingekuja kama nisingebanwa na mizani. Liwekee alama.

Hatua ya 4: Fungua, ukijua unakata wapi

Waliosoma ushairi sekondari, hasa Kenya, wanakumbuka mistari kifu na mistari mishata. Mstari kifu umekamilika kimaana. Mshata unaning'inia mpaka mstari unaofuata uudake. Kwenye shairi huru, mshata ndio silaha yako kubwa. Tazama:

Meno yake yameanza kula kutu.

Hiyo ni taarifa. Sasa ikate:

Meno yake yameanza kula
kutu.

Kwa nukta moja msomaji amedhani mbuzi imerudi kazini, nazi imepatikana, mama yupo. Halafu anashuka chini anakutana na kutu. Kipimo changu ni hiki: nikikata mstari, msomaji apate kitu pale pembeni, iwe tumaini, hofu au kosa la kudhani. Asipopata kitu, naurudisha mstari ulivyokuwa.

Hatua ya 5: Tafuta muziki mbele ya neno

Hii ndiyo hatua niliyochelewa kuielewa. Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, na irabu zetu ni tano, kwa hiyo vina vya mwisho tunavipata kwa bei rahisi kuliko lugha nyingi. Muziki ambao hatuuhesabu upo upande wa pili, mwanzoni mwa neno, kwenye upatanisho wa ngeli. "Vifuu vyake vile viwili vimekauka": hakuna aliyetunga vina pale, ni sarufi inapiga ngoma. Mtunzi wa shairi huru anaweza kuuacha mdundo huo utembee mistari mitatu, kisha akaukatiza kwa kubadili ngeli.

Mbuzi ya kukunia ni "mbuzi ya mama", ngeli ya I-ZI. Mbuzi anayekula majani ni "mbuzi wa mama", ngeli ya A-WA. Kati ya kitu na kiumbe kuna konsonanti moja tu. Nilipoliona hilo sikulala. Shairi likaja hivi:

Mbuzi ya mama
ipo nyuma ya mlango.

Haijala jani,
haijalia.

Meno yake yameanza kula
kutu.

Leo tui limetoka dukani
ndani ya boksi.
Halina machicha.

Usiku
mbuzi wa mama
analia.

Hakuna neno "huzuni" humo. Kuna "ya" iliyogeuka "wa", na "haijalia" iliyogeuka "analia". Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia shairi hili akiwa "amenisahihishia" ngeli katika ubeti wa mwisho, akaandika "mbuzi ya mama inalia". Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikajifunza kumwambia mhariri mapema kwamba ngeli zile zimekusudiwa. Nawe fanya hivyo.

Hatua ya 6: Lighani, ujirekodi

Shairi huru nalo ni la sikio. Lisome kwa sauti mara tatu, urekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Ukisikia umepumua mahali ambapo hukukata mstari, kata hapo. Ukiona umekata na sauti ikapita bila kusimama, unga. Mimi "Usiku" ilikuwa mstari mmoja na "mbuzi wa mama". Kwenye rekodi nilisikia nimesimama bila kujua, ndipo nikaitenga. Wengine hupanga herufi ziteremke ngazi au zijikunje kama nyoka, na mshairi wa Kenya, Kithaka wa Mberia, amelifanya hilo kwa ustadi katika diwani zake. Lakini kama jicho linafurahi na sikio halijasikia chochote, hiyo ni michoro.

Hatua ya 7: Kata mkia

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na ubeti mmoja zaidi baada ya "analia":

Ee mama, pumzika kwa amani,
tui lako halitasahaulika.

Ubeti huo uliandikwa na mtu aliyeogopa kwamba msomaji hajaelewa. Nilimsomea dada yangu shairi lote, kwa kuwa ile mbuzi tulikuwa tukigombea kuikalia sote wawili. Nilipofika "analia" aliinamisha kichwa. Nilipoendelea na "Ee mama", alikiinua, akaniuliza kama chai iko tayari.

Nikaufuta usiku uleule.