Jinsi ya Kuirudia Filamu Unayoipenda Ili Ikupe Jambo Jipya

Mtu anayeirudia filamu ambayo mwisho wake anaujua huulizwa mara kwa mara anapata nini humo. Anayeuliza huwa anaamini kwamba utamu wa filamu umo katika kutojua kitakachotokea, na kwamba ukishajua stelingi amenusurika hakuna kilichosalia cha kutazama. Imani hiyo haina msingi imara. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo baadhi ya wasomaji wa hadithi fupi walielezwa mwisho wake kabla ya kuanza kusoma; kwa jumla, walioelezwa mwisho walizifurahia hadithi hizo zaidi ya wasioelezwa. Akili iliyoacha kuhangaika na itakuwaje hupata nafasi ya kuchunguza imekuwaje. Nafasi hiyo hupotea, hata hivyo, kama unairudia filamu bila kujua unatafuta nini, na ndiyo maana nashauri kila mara unapoirudia uwe na swali moja tu mkononi, hata kama ni swali dogo.

Kwa mfano nitatumia filamu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mwongozo huu, nayo ni *12 Angry Men*, iliyotoka Marekani mwaka 1957 ikiongozwa na Sidney Lumet, ambaye hapo awali alifanya kazi ya televisheni na hiyo ikawa filamu yake ya kwanza ya sinema. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina dakika 96, na karibu yote imo ndani ya chumba kimoja. Wanaume kumi na wawili wa juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, wanapaswa kuamua iwapo kijana wa miaka 18 amemuua baba yake kwa kisu. Wakimwona ana hatia atauawa kwa kiti cha umeme, na uamuzi wao lazima uwe wa kauli moja. Kura ya kwanza ni kumi na mmoja wanaomwona ana hatia dhidi ya mmoja. Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia habari za wazee wa baraza mahakamani atambue tofauti kubwa: wazee wa baraza walitoa maoni ambayo jaji hakufungwa nayo, ilhali hawa kumi na wawili ndio wanaoshika uhai wa mshtakiwa. Bila kulijua hilo, uzito wa mabishano yao hauonekani.

Kabla hujaibonyeza filamu ianze, chukua karatasi uandike unachokumbuka kutoka mara ya mwisho ulipoitazama: nani alisema nini, nani alibadilisha kura wa kwanza, tukio gani lilikugusa. Usichungulie popote. Hatua hii huonekana ya kitoto, lakini ndiyo yenye faida kuliko nyingine zote, kwa sababu itakuonyesha kwamba sehemu kubwa ya filamu unayodai kuipenda umejitungia mwenyewe. Filamu hii ina ushahidi wake wa ndani kuhusu jambo hilo. Kijana anayeshtakiwa alijitetea kwamba usiku wa mauaji alikuwa sinema, ila polisi walipomuuliza hakuweza kutaja filamu alizoziona wala waigizaji wake, na wajumbe wengi wanalichukua hilo kuwa uongo wa wazi. Mjumbe wa nane, anayeigizwa na Henry Fonda, anamgeukia mjumbe wa nne, dalali wa hisa mwenye kumbukumbu kali kuliko wenzake, na kumuuliza kuhusu filamu aliyoitazama siku chache zilizopita. Bwana yule aliyejigamba mapema kwamba hatokwi jasho anakosea jina la filamu, anashindwa kuwataja waigizaji, kisha anajifuta paji la uso. Ukiwa na karatasi yako mkononi, tukio hilo litakuhusu kwa namna ambayo mara ya kwanza halikukuhusu hata kidogo.

Swali la kwanza ninalolipendekeza ni la kumfuata mtu mmoja, na asiwe stelingi. Mara ya kwanza macho yote humfuata Fonda, maana yeye ndiye anayesimama peke yake. Unaporudi, mchague mjumbe wa tatu, mwenye biashara ya kupeleka ujumbe, anayeigizwa na Lee J. Cobb, na umtazame hata wakati wengine wanaongea. Mapema kabisa anatoa picha yake na mwanawe kwenye pochi na kueleza jinsi kijana huyo alivyompiga ngumi na kuondoka, na kwamba hawajaonana kwa miaka miwili. Mtazamaji mpya huyapokea maneno hayo kama maelezo ya pembeni. Anayerudi anajua kwamba pochi hiyo itatupwa mezani mwishoni, kwamba picha itachanwa vipande, na kwamba mtu huyu muda wote amekuwa akimhukumu mwanawe na kumwita mshtakiwa. Kila anapopaza sauti unaweza kujiuliza anamjibu nani. Baadaye fanya vivyo hivyo kwa mzee, mjumbe wa tisa, ambaye huongea kidogo lakini huona yote. Ndiye anayegundua, kwa kumwangalia mwenzake akisugua pua penye alama za miwani, kwamba shahidi wa kike alikuwa na alama zilezile ingawa hakuvaa miwani kizimbani. Mfuate yeye na utajua alikuwa akitazama tangu dakika za mwanzo.

Swali la pili ni la mkono wa mwongozaji, na hapa usikimbie. Watu wengi husema filamu hii inawafanya wahisi joto na kubanwa, na huona kwamba hisia hiyo inaletwa na jasho kwenye mashati na feni isiyowaka. Kuna zaidi ya hayo. Lumet alieleza katika kitabu chake kuhusu kazi ya uongozaji kwamba theluthi ya kwanza ya filamu aliipiga kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili ikiwa sawa na macho, na ya mwisho ikiwa chini ya macho, hata dari ikaanza kuonekana juu ya vichwa vya watu. Pamoja na hayo aliongeza urefu wa lenzi hatua kwa hatua, na lenzi ndefu hufanya kuta zilizo nyuma ya mtu zionekane zimemsogelea. Chumba hakikubadilika kipimo, lakini kwa mtazamaji kilisinyaa. Ili kulishuhudia hilo, tazama dakika kumi za mwanzo, ruka hadi dakika kumi za mwisho ndani ya chumba, kisha rudi mwanzo, sauti ikiwa imezimwa. Angalia dari ipo au haipo, na uso mmoja unajaza sehemu gani ya skrini. Halafu iache icheze picha ya mwisho ya nje, kwenye ngazi za mahakama baada ya mvua, ambako kamera ipo juu na lenzi ni pana, na uone jinsi pumzi inavyokutoka. Mtu akishaijua hila hii katika filamu moja ataanza kuitafuta katika nyingine, na ataacha kusema tu kwamba filamu fulani ni nzuri.

Kuhusu sauti nitasema machache. Wengi wetu tulizijua filamu za kigeni katika vibanda vya video kupitia wasimuliaji kama Lufufu huko Dar es Salaam au DJ Afro huko Kenya, na ni halali kuipenda filamu kwa sababu ya ulimi wa msimulizi. Msimulizi hodari, hata hivyo, hujaza kimya. Kama filamu unayoipenda uliijua kwa njia hiyo, irudie mara moja bila msimulizi, ukisoma maandishi ya chini ikiwa lugha inakupiga chenga, na uandike mahali ambapo wahusika hawasemi kitu. Katika *12 Angry Men* kimya cha namna hiyo kipo pale mjumbe wa kumi anapomwaga chuki yake dhidi ya watu wa mitaa ya kimaskini, na wenzake wanainuka mmoja mmoja kumpa mgongo.

Swali la tatu ni la kubishana na filamu yenyewe, jambo ambalo mashabiki hulikwepa kwa kuona ni utovu wa adabu kwa kitu wanachokipenda. Mjumbe wa nane anachomoa kisu kinachofanana kabisa na kile cha mauaji na kukikita mezani. Alikinunua mwenyewe karibu na nyumbani kwa mshtakiwa. Mara ya kwanza unashangilia. Ukirudi, uliza kama aliruhusiwa. Hakuruhusiwa: mjumbe wa juri anapaswa kuamua kwa ushahidi uliotolewa mahakamani, wala hana ruhusa ya kwenda kufanya upelelezi wake mtaani. Sonia Sotomayor, jaji wa Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, alieleza mwaka 2010 alipoizungumzia filamu hii katika Chuo Kikuu cha Fordham kwamba aliiona akiwa mwanafunzi, na kwamba hotuba ya mjumbe wa kumi na moja, mhamiaji anayeusifu utaratibu wa juri, ilimvuta kuelekea sheria. Alisema pia kwamba alipokuwa jaji wa mahakama ya chini aliitumia filamu hiyohiyo kuwaonya wajumbe wa juri wasifanye kama wale kumi na wawili, kwa kuwa walijenga hoja nyingi juu ya kukisia. Simjui mtazamaji mwingine aliyefaidika na filamu moja kwa njia mbili zilizo mbali hivyo, na hakulazimika kuiacha kuipenda.

Ukiwa na wenzako nyumbani, sitisha filamu mara moja tu, kura zinapofika sita kwa sita, na kila mmoja aseme yeye angekuwa mjumbe yupi. Usiruhusu wote wajiite Fonda. Anayekubali kwamba angekuwa mjumbe wa saba, anayetaka yaishe upesi awahi mchezo wa besiboli, ndiye atakayewapa mazungumzo ya maana.

Baada ya hapo waweza kutafuta toleo jingine la hadithi hiyo, kama lile la Kihindi la mwaka 1986, *Ek Ruka Hua Faisla*, lililoongozwa na Basu Chatterjee, ulinganishe ni nani amepewa hasira zaidi na ni ubaguzi upi umewekwa badala ya ule wa New York, mji wa filamu ya Lumet. Usifanye yote haya kwa wiki moja. Acha miezi ipite kati ya mara moja na nyingine, weka tarehe kwenye karatasi zako, na uzitunze pamoja. Ukifika mahali ambapo karatasi mbili zinazofuatana zinasema mambo yaleyale, ipumzishe filamu hiyo na uchukue nyingine.