Sosi ya saladi ya ndimu, dania na nanaa

Kachumbari hukamuliwa ndimu, ikatiwa chumvi, na inatosha, kwa sababu nyanya na kitunguu hutoa maji yao wenyewe. Letasi, tango au embe bichi vinataka sosi inayoshika. Kuitengeneza ni kazi ya dakika kumi, na ikiharibika, mara nyingi kosa huwa ni mpangilio wa kutia vitu.

Kwa saladi ya watu wanane hivi, tayarisha maji ya ndimu vijiko 3 vya mezani (ndimu 3 au 4 ndogo), maji ya chungwa vijiko 2, mafuta nusu kikombe, haradali laini ya chupa kijiko 1 cha chai, asali kiasi hicho hicho, chumvi nusu kijiko cha chai, punje 1 ya thomu, dania iliyokatwakatwa robo kikombe na majani 10 hadi 12 ya nanaa. Anayependa ukali aongeze kipande kidogo cha pilipili mbuzi, bila mbegu.

Ukienda sokoni, Marikiti au Kongowea, shika ndimu mkononi kabla ya kununua. Iliyo nzito, yenye ganda jembamba linalong'aa, ndiyo yenye maji. Zilizoanza kugeuka njano usiziache. Zimeiva na hukamulika vizuri. Chungwa nalo lipime kwa uzito, si kwa rangi: kwenye joto la pwani ganda hubaki kijani hata tunda likiwa tamu. Dania ioshe mapema na uikaushe kabisa kwa kitambaa safi. Maji yaliyobaki kwenye majani huipooza sosi na kuifanya ioze haraka.

Anza na ganda. Osha ndimu moja, ukwaruze ngozi ya juu tu kwenye kikwaruzo chenye matundu madogo. Ukifika kwenye nyeupe, simama, maana uchungu uko hapo. Ndipo uzibingirishe ndimu zote mezani kwa kiganja, uzikate na kuzikamua.

Twanga thomu na chumvi kwenye kinu mpaka viwe uji. Changanya uji huo na maji ya ndimu, maji ya chungwa, ganda ulilokwaruza, haradali na asali, ukoroge mpaka chumvi iyeyuke yote. Hatua hii usiiruke: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, na ukiitia mwishoni utakutana na chembe zake mdomoni.

Sasa mafuta. Yatie polepole kama uzi, huku unapiga kwa uma au mchapo bila kusimama. Haradali hushikanisha mafuta na maji, lakini ukiyamwaga yote kwa mkupuo yataelea juu. Njia nyepesi ni kutia kila kitu kwenye chupa yenye kifuniko na kuitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika. Ikijitenga baadaye haijaharibika, itikise tena. Mafuta ya alizeti hayana ladha kali na huiacha ndimu isikike; ya zeituni ni mazuri pia, ila yasipigwe kwenye blenda, kwani ile mashine huyatia uchungu.

Dania na nanaa ndiyo roho ya sosi hii, na hutiwa mwisho kabisa. Zikate kwa kisu kikali: kisu butu huzibonda, na nanaa huwa nyeusi kabla hujamaliza. Vikonyo laini vya dania vikate pamoja na majani, vina harufu nzuri. Vya nanaa vitupe. Asidi ya ndimu huharibu ile klorofili inayoleta kijani, ndiyo maana sosi iliyotiwa majani asubuhi huwa na rangi ya zeituni ikifika jioni. Kama mlo ni wa usiku, weka sosi bila majani kwenye friji, uyatie dakika chache kabla ya kula.

Onja kwa kuchovya jani la letasi, si kwa kijiko, kwa sababu sosi tupu daima huonekana kali kuliko itakavyokuwa kwenye saladi. Ikikutoa machozi, ongeza kijiko cha mafuta; ikiwa imepooza, jaribu chembe mbili tatu za chumvi kabla hujakimbilia ndimu nyingine.

Mwagia saladi wakati wa kupakua: vijiko 2 kwa bakuli la majani ya watu wawili, kisha pindua kwa mikono. Ukimwagia mapema, chumvi huvuta maji na letasi hulala. Inayobaki ipake samaki wa kuchoma akiwa bado moto, au uimwagie viazi vilivyochemshwa.

Kwa kuwa ina thomu mbichi ndani ya mafuta, usiiache mezani kwenye joto la Mombasa. Iweke kwenye friji na uimalize kwa siku 3. Mafuta ya zeituni yakiganda humo, itoe robo saa kabla ya kula, kisha uitikise.