Jinsi ya Kuhesabu Pumzi za Mtoto Anayekohoa

Mtoto akianza kukohoa, wengi wetu hapa Kisumu humgusa kwanza kipaji cha uso kutafuta joto, ilhali dalili ya nimonia hutafutwa kifuani, na mzazi yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta.

Ngoja atulie au alale, kwa maana mtoto anayelia au kunyonya hupumua kasi hata akiwa mzima. Mpakate karibu na mlango penye mwanga, mbali na moshi wa kuni, kisha umpandishe fulana uone kifua na tumbo. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 60 kamili, ukitazama saa ya simu. Mimi siamini kabisa hesabu ya sekunde 15 inayozidishwa mara nne, kwani mtoto mchanga hupumua mbio, akatua kidogo, kisha akaendelea.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua kasi akifikisha pumzi 60 kwa dakika, na kwake hesabu hurudiwa ili kuhakikisha. Wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50, na kuanzia miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 ni 40.

Kasi hiyo hutokana na vifuko vidogo vya hewa vilivyomo mapafuni, ambamo oksijeni huingia kwenye damu na kaboni dioksidi hutoka. Nimonia hujaza baadhi yake usaha na majimaji, hivyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu, na mwili hufidia kwa kuongeza pumzi.

Kabla ya kumfunika, tazama sehemu ya chini ya kifua, kwenye mbavu za mwisho, anapovuta hewa. Mapafu yakiwa yamekakamaa, kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini yake, huvuta kwa nguvu mno hata sehemu hiyo ikabonyea ndani badala ya kutanuka. (Pua iliyoziba huweza kuleta sura hiyo hiyo, isafishe kwanza, kisha utazame tena.)

Akipumua kasi au kifua kikibonyea, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipoweza kunyonya wala kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, ondoka mara moja, hata kama ni usiku, na umtajie muuguzi idadi ya pumzi na saa ulipozihesabu.