Kanisa Changa: Namna ya Kulilea Miezi ya Mwanzo Watu Wasivunjike Moyo

Bwana asifiwe wapendwa. Hii naiandika kwa ajili ya yule mtumishi ambaye ndo kwanza ameanzisha kanisa, au ametumwa kusaidia kanisa ambalo bado linakutana sebuleni kwa mtu au kwenye darasa la kuazima, na kila Jumapili anahesabu watu kwa macho huku akiimba. Nimepita humo. Nilichochelewa kukijua ni kwamba kanisa changa linakua katikati ya wiki, Jumapili unaenda tu kuona kilichoota.

Tuanze na kitu kidogo, viti. Sisi mwanzoni tulikuwa tunapanga viti 50 kwa imani, tunakuja watu 12, kila mtu anachagua kona yake nyuma huko, mhubiri anahubiria viti vitupu na mgeni akichungulia mlangoni anaona kama kuna jambo limeharibika humu ndani. Jumapili moja mama aliyekuwa anawahi kufagia akapanga viti 15 tu, nusu duara, karibu karibu, vingine akavirundika pembeni akavifunika shuka. Hakumwuliza mtu. Siku hiyo tulifika 17, ikabidi vijana wawili wainuke katikati ya wimbo wakimbilie kuleta viti vya kuongeza, na nawaambia ile furaha ya kuongeza viti viwili, watu wanasogea kupisha, wanacheka, ilitujenga kuliko mahubiri yangu ya mwezi mzima. Kwa hiyo panga vichache kuliko unavyotarajia, halafu ongeza.

Sasa kazi yenyewe. Nunua daftari. Sio app, daftari, ambalo linaweza kukaa kwa mtu mwingine hata wewe ukiwa safarini. Andika jina la kila anayekuja, anaishi upande gani, anafanya kazi saa ngapi, ana jambo gani la kuombewa, na nani kati yenu amemzoea zaidi. Hilo la mwisho ndo muhimu maana mtu anarudi kwa sababu kuna mtu anayemfahamu pale, wengi wanaohama kanisa changa hawahami kwa sababu ya mafundisho, wanahama kwa sababu wamekaa miezi miwili hakuna aliyewahi kuwaita kwa jina. Kila Jumatatu jioni wawili au watatu mkae na lile daftari muombe jina kwa jina, halafu mgawane. Aliyekosa mara moja atumiwe meseji, aliyekosa mara mbili apigiwe simu, mara tatu mwendeeni, na mwende wawili kama Bwana alivyowatuma wale Kumi na Wawili, wawili wawili.

Na mkifika msiulize "mbona hukuja ibadani". Ulizeni mnaendeleaje. Tulikuwa na kijana mmoja alipotea kama wiki tatu hivi, tukawa tumeshasema amerudi nyuma, yaani tumeshamhukumu kwenye kikao cha maombi kabisa, tulipoenda tukakuta amebadilishiwa shifti anaingia kazini Jumapili asubuhi na alikuwa anaona aibu kusema. Tukahamishia darasa la Biblia Alhamisi jioni kwa ajili yake na wengine wawili. Leo yule kijana ndo anayefundisha hilo darasa.

Kuhusu kutia moyo, mwalimu wangu mimi ni Barnaba. Jina lake alikuwa Yusufu, mitume ndo wakamwita Barnaba, mwana wa faraja, ukiona watu wamekubadilishia jina kwa sababu ya tabia yako ujue hiyo tabia iko wazi. Someni Matendo 11 polepole. Kanisa la Antiokia lilikuwa changa, limeanzishwa na watu waliokimbia mateso ambao hata majina yao hayakuandikwa, Yerusalemu ikamtuma Barnaba akaangalie. Alipofika, kabla hajarekebisha chochote, aliiona neema ya Mungu akafurahi. Sisi wengi tukitembelea kanisa jipya cha kwanza tunaona maiki inakoroma na watoto wanakimbia ovyo. Pili akawahimiza waambatane na Bwana kwa moyo wote. Tatu, na hapa ndo palinigusa sana, akafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli, ndiye huyo Paulo, wakakaa pamoja mwaka mzima wakifundisha watu. Hakuogopa kuleta mtu anayemzidi kufundisha.

Kwa hiyo ukitaka kumtia mtu moyo taja ulichokiona. "Ubarikiwe mpendwa" ni salamu nzuri lakini haimbebi mtu mpaka Jumatano. Mwambie, dada, nimeona wiki ya tatu hii unakaa na yule mgeni mpaka anapata usafiri, Mungu anakutumia hapo. Paulo alifanya hivohivo na Wathesalonike, kule aliingia sinagogi sabato tatu akihojiana na watu, baadaye fujo ikazuka ikabidi ndugu wamsafirishe usiku, na roho haikutulia akamtuma Timotheo akawaimarishe, Timotheo aliporudi na habari njema akawaandikia waraka na mwanzoni kabisa anawatajia kazi yao ya imani, taabu yao ya upendo na saburi yao ya tumaini. Watu wapya kabisa hao, na bado alikuwa na vitu vya kutaja.

Mafundisho yasiwe mazito sana mwanzoni. Matendo 2:42 inatosha kuwa ratiba yako ya miezi mingi, mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate, kusali. Chukua Injili moja, mimi hupenda Marko kwa sababu ni fupi, msome pamoja kila wiki, na acha waongofu wapya waulize maswali hata yanayokutoa jasho. Usikimbilie kujibu yote, sema tutalisoma, halafu kweli mlisome.

Cheo usigawe haraka. Hapa naomba mnisikie maana hapa tuliumia. Kanisa changa lina njaa ya watu, akija mtu anajua kupiga kinanda na kuomba kwa sauti kubwa mnamkabidhi kila kitu ndani ya mwezi, kumbe huko alikotoka aliacha moto unawaka na hakuna aliyeuliza. Kwetu alipoondoka aliondoka na familia tatu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mwangalizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni, na yeye na Barnaba walipowateua wazee, Matendo 14, walikuwa wamerudi kwa mara ya pili kwenye ile miji, Listra ikiwemo ambako Paulo alipigwa mawe mpaka wakadhani amekufa. Toa kazi ndogo kwanza. Kufungua mlango, kusoma andiko, kupokea wageni, kushika lile daftari kwa wiki mbili. Mtu mwaminifu kwenye kufagia utamjua mapema sana, yule mama wa viti ni mzee wa kanisa kwa matendo hata kabla hatujamtambulisha popote.

Sadaka, fupi tu: wahesabu wawili wasio ndugu, waandike, wasaini, na kiasi kisomwe mbele ya watu wote hata kama ni kidogo. Paulo mwenyewe alipobeba mchango hakutaka kuubeba peke yake, alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Na manung'uniko yakija, yatakuja tu, msiyafunike kwa kuimba, mitume waliposikia wajane fulani wanasahauliwa waliita watu wote wakalizungumza na wakachaguliwa saba wa kulishughulikia.

Halafu tembelea wachungaji wa makanisa yaliyotangulia hapo ulipo. Wasalimie, waombe wakuombee, na waambie wazi hukuja kuchukua kondoo wao. Mtu akihamia kwako kutoka kwao, mpigie mchungaji wake kabla ya kumpa ushirika.

Na ninyi kanisa mama. Miezi mitatu ya kwanza mnapiga simu kila siku, mnapiga picha, baadaye kimya. Kanisa lililotutuma lilinyamaza karibu mwaka, na sitaki kulisema vibaya, nadhani walidhani tumeshasimama, lakini ule ukimya ulituuma kuliko kukosa fedha. Mkishindwa kutuma fedha tumeni mtu, familia moja kila mwezi ije ikae nasi Jumapili, iimbe na sisi, ibaki tuongee. Au andikeni barua isomwe ibadani, ya kweli, yenye majina ya watu ndani yake. Siku tuliyosomewa barua ya namna hiyo kuna mzee mmoja aliomba arudishiwe pale jina lake lilipotajwa.

Mwisho nimuongelee mchungaji mwenyewe, maana anatia wengine moyo na wa kwake unavuja taratibu. Siku mbaya kwake ni Jumatatu. Jumapili watu walikuwa tisa, ametoa kila alichonacho, ameamka mwili mzito na sauti inamwambia labda hukuitwa. Eliya alifika hapo, akaomba afe, na malaika hakumhubiria, alimgusa akamwambia ainuke ale, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala, safari ndo ikaendelea. Basi mtu mmoja kanisani apewe hiyo kazi kimyakimya, kila Jumatatu saa nne asubuhi ampigie mchungaji, aulize umelala? mkeo anaendeleaje? watoto je? na idadi ya watu wa jana isitajwe kabisa kwenye hiyo simu.